Olkaria: Nchi ya Mvuke na Habari za Watu Wake

Wasomaji wengi wamelisikia jina la Olkaria kwa sababu ya umeme. Taa iwashwayo jioni katika nyumba ya Nairobi, Mombasa au Kisumu, huenda nguvu yake imetoka katika ardhi ya Olkaria. Lakini ni wachache waliopata kuuliza: Hiyo ni nchi ya namna gani, na ni akina nani wakaao juu ya moto huo? Makala haya yatajaribu kuyajibu maswali hayo mawili. La kwanza ni rahisi, kwa kuwa milima haihami. La pili lina taabu, kwa kuwa watu wa Olkaria wamehama na kuhamishwa mara nyingi, na mara nyingi waliofika nyuma yao walidhani kwamba nchi ilikuwa tupu.

NJIA YA KUFIKA

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara ya zamani hupanda taratibu mpaka kupita Limuru, kisha ghafula ardhi hukatika mbele yake, naye huliona Bonde la Ufa limelala chini kama ngozi iliyoanikwa juani. Barabara yateremka ukingoni, ikipita kando ya kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitalia mwaka 1942, walipokuwa wakiitengeneza njia hiyo. Chini kabisa ni Mai Mahiu. Jina hilo kwa Kikuyu ni maji ya moto, na msomaji ataona kwamba hata kabla ya kufika Olkaria, ardhi imekwisha kutoa dalili ya mambo yaliyomo ndani yake.

Kutoka hapo mlima Longonot wasimama mkono wa kushoto, umepita futi 9,000 juu ya usawa wa bahari, na kileleni una shimo kubwa lenye msitu ndani yake. Ukiisha kuupita, waliona Ziwa Naivasha liking'aa. Mji wa Naivasha u karibu na ukingo wa ziwa, mwendo wa maili 55 hivi kutoka Nairobi. Hapo msafiri aendaye Olkaria huiacha barabara kuu akashika ile izungukayo ziwa upande wa kusini. Hupita Karagita, hupita mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa nailoni nyeupe, kisha hugeuka kushoto, akayaacha maji nyuma yake. Mbele huona mvuke mweupe unapanda angani toka vilimani, kama kwamba kuna wapishi mia wanaopika chini ya ardhi.

SURA YA NCHI

Ziwa Naivasha liko juu kuliko maziwa yote mengine ya Bonde la Ufa katika Kenya, yapata futi 6,200. Upande wa mashariki iko nchi ya Kinangop na milima ya Nyandarua. Upande wa magharibi ni safu ya Mau. Kaskazini ni mlima Eburru. Mito Malewa na Gilgil yaingia ziwani, wala hakuna mto hata mmoja utokao. Hata hivyo maji yake ni matamu, si ya magadi kama maji ya Nakuru na Elmenteita. Sababu yake ni kwamba maji huvuja chini kwa chini na kwenda zake, yakichukua chumvi pamoja nayo. Jina lenyewe latokana na neno la Kimasai la maji yachafukayo, maana upepo wa alasiri huyainua mawimbi, na mvuvi asiye mwangalifu hujuta.

Miaka elfu kadhaa iliyopita, zamani za mvua nyingi, ziwa hili lilikuwa kubwa kupita kadiri ya sasa. Maji yalifurika kusini na kuchonga korongo refu ambalo Wamasai waliita Ol Njorowa. Leo korongo hilo limo katika mbuga ya Hell's Gate, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Kuta zake ni ndefu na zimesimama wima, na mahali pengine maji ya moto hutiririka juu ya mwamba.

Magharibi ya korongo ndiko Olkaria. Asidhani msomaji kwamba ataona mlima mmoja wa moto wenye shimo kileleni, mfano wa Longonot. Olkaria ni vilima vingi vilivyokusanyika, vingine vya majivu, vingine vya mawe meusi yang'aayo kama kioo. Mawe hayo huitwa obsidiani. Yalipotoka ardhini yalikuwa kama uji mzito wa moto, yakapoa upesi, yakawa kioo. Mtiririko mmoja wa mawe hayo, uitwao Ololbutot, uliiunguza miti ulipopita, na makaa ya miti hiyo yamepimwa na wataalamu: umri wake ni kama miaka 200 hivi. Kwa hesabu ya milima hiyo ni jana. Huenda babu za babu zetu waliuona moto huo usiku kutoka Mau au Kinangop.

Na jina Olkaria? Kwa Kimasai ni ule udongo mwekundu ambao morani hujipaka mwilini na nywelani, unaofanana na ngeu ya mafundi seremala wetu. Udongo huo ulichimbwa katika vilima hivi. Basi kabla ya mtu yeyote kuutaka mvuke wa Olkaria, watu waliujia udongo wake.

WATU WA ZAMANI

Hata kabla ya udongo, watu waliyajia mawe. Obsidiani ikipasuliwa kwa ustadi hutoa kisu kikali sana, na watu wa zamani waliijua kazi hiyo vyema. Katika pango liitwalo Enkapune ya Muto, magharibi ya ziwa, wachimbaji walikuta visu vya mawe pamoja na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Umri wa shanga hizo wakisiwa kuwa miaka 40,000 hivi. Kwa hiyo mtu avaaye shanga leo sokoni Naivasha anafuata desturi ambayo katika nchi ile ile ni ya kale mno.

Yapata miaka 3,000 iliyopita walikuwako wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo katika bonde hili. Wataalamu wameita moja ya mila zao kwa jina la Elmenteita. Watu hao walichimba obsidiani ya Eburru, na vipande vyake vimeonekana mbali sana, hata nchi ya Mara. Biashara haikuanza na reli.

Katika misitu ya Mau walikaa Waokiek, wawindaji na warina asali, na wako hata leo. Katika nyanda walikuja kukaa Wamasai. Wageni wengi waliwaona Wamasai kuwa watu wasio na makao, kwa kuwa leo wako hapa na kesho wako kule. Kumbe mwendo wao ulikuwa na utaratibu. Wakati wa mvua mifugo ilikula majani ya nyanda. Wakati wa kiangazi ilipandishwa vilimani au kupelekwa karibu na maji ya ziwa. Nyanda zilizoachwa wakati huo zilikuwa zimepumzishwa, kama mkulima apumzishavyo shamba lake. Shamba lililopumzishwa si shamba lisilo na mwenyewe.

Mwaka 1883 alifika Naivasha Mjerumani Gustav Fischer. Hakuweza kuendelea mbele, kwa kuwa Wamasai walimzuia, akarudi pwani. Mwaka huo huo alipita Joseph Thomson wa Uskoti. Mwamba mmoja mrefu, uliosimama peke yake penye mlango wa korongo, umepewa jina la Fischer mpaka leo. Hivyo basi mtu aliyezuiwa njia amebaki na jina katika ramani, na waliomzuia hawakuandikwa majina.

NCHI ILIYODHANIWA TUPU

Sasa tumefika penye fundo la habari hii. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia katika nchi, ikawaua ng'ombe wengi mno. Baada yake ukaja ugonjwa wa ndui, na njaa pamoja nao. Wamasai walikuwa tayari wamedhoofishwa na vita vya wao kwa wao, ambavyo katika miaka ya 1870 vilikuwa vimewaangusha Wamasai wa Laikipia. Boma nyingi zikabaki majivu. Watu waliosalia walikwenda kwa jamaa na kwa majirani wakulima kutafuta chakula.

Reli kutoka Mombasa ilifika Naivasha mwaka 1900. Mtu aliyechungulia dirishani aliona majani marefu, maji matamu, wanyama wa porini na watu wachache. Akaandika kwamba nchi ni nzuri, nayo ni tupu. Lakini yeye alikuwa amefika nyumbani mwa mgonjwa. Mtu akiingia nyumba ambayo wenyewe wamo kitandani, si haki kusema kwamba nyumba haina watu.

Hapa kuna jambo litakalowafurahisha makarani wetu. Siku hizo Naivasha haikuwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Ilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda, na mpaka ulisogezwa tarehe 1 Aprili 1902. Karani wa posta wa mwaka 1901 alikuwa mtumishi wa serikali ya Uganda. Mwaka uliofuata, bila kukiondoa kiti chake, akawa mtumishi wa serikali nyingine. Hivyo watu wa nchi hii waweza kuhamishwa hata kwa kalamu peke yake.

Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na Wamasai, na laibon Olonana alikuwa miongoni mwa waliotia alama zao. Kwa mkataba huo Wamasai waliondoka katika nyanda za Naivasha na Nakuru, wengine wakaenda Laikipia kaskazini, wengine kusini, na nchi iliyo kando ya reli ikagawiwa walowezi. Mkataba ulisema kwamba makubaliano yale yatadumu maadamu Wamasai wapo duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 ulifanywa mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakahamishwa tena kwenda kusini. Wamasai walipeleka shauri lao mahakamani, nalo likatupwa mwaka 1913. Mahakimu walisema kwamba mikataba ile ilikuwa kama mapatano baina ya dola na dola, wala mahakama yao haikuwa na uwezo wa kuihukumu.

Mashamba ya walowezi yakaenea kandokando ya ziwa. Kazi yake ilifanywa na watu waliotoka mbali, hasa Wakikuyu, waliopewa nafasi ya kulima na kufuga kidogo kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Hao ndio maskwota. Watoto wao walizaliwa humo, na wajukuu vilevile, lakini ardhi haikuwa yao. Toka mwaka 1937 ndege zitumiazo maji badala ya uwanja zilikuwa zikitua juu ya Ziwa Naivasha, zikiwaleta abiria kutoka Uingereza. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau waliishambulia stesheni ya polisi ya Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungulia wafungwa. Katika siku hizo za Hali ya Hatari maskwota wengi wa Bonde la Ufa waliondolewa mashambani na kurudishwa katika nchi ambayo wengine wao hawakuizaliwa. Haya, msomaji, ni mara ya pili katika nusu karne watu wa hapa kufungishwa mizigo.

MVUKE

Wenyeji walijua siku zote kwamba ardhi yatoa mvuke. Huko Eburru watu wamejifunza kuupoza mvuke katika mabomba na kukinga maji ya kunywa, na wakulima waliutumia kukaushia pareto. Mwaka 1956 watu wa kampuni ya umeme walianza kuchimba visima viwili Olkaria. Mvuke uliopatikana haukutosha, kazi ikaachwa. Katika mwaka 1970 uchunguzi ulianza upya kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na visima vya miaka iliyofuata vikatoa mvuke wa kutosha. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi. Wa pili na wa tatu ukafuata, hata mwaka 1985 zilikuwa megawati 45. Tangu hapo vimejengwa vituo vingine vikubwa zaidi, na katika miaka ya karibuni zaidi ya sehemu 40 kwa kila 100 za umeme wa Kenya zimetokana na joto la ardhi, sehemu kubwa yake ikitoka Olkaria.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mvua inyeshayo Mau na Kinangop huzama ardhini, nayo hufika penye mawe yaliyopashwa moto na uji wa moto ulio chini zaidi. Maji hayo hupata joto lipitalo mara mbili lile la sufuria ichemkayo. Kisima huchimbwa, kingine chafika chini karibu maili mbili, na mvuke huruka juu kwa nguvu. Hutenganishwa na maji, husafirishwa kwa mabomba, ukazungusha mitambo. Maji yabakiayo hurudishwa ardhini. Msafiri ataona mabomba hayo yakipanda na kushuka vilimani, na mahali pengine yameinuliwa kama lango. Hiyo ni kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto, na pia ili twiga na ng'ombe wapate kupita chini yake.

MAUA NA WATU WENGI

Wakati mitambo ilipokuwa ikijengwa vilimani, jambo jingine lilikuwa likikua ukingoni mwa ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kidenmark ilianza kulima maua ya kupeleka Ulaya. Kampuni hiyo iliondoka zamani, lakini herufi tatu za jina lake, DCK, zimebaki kuwa jina la kijiji. Baada ya mwaka 1980 mashamba mengine mengi yalifuata. Ua la waridi likikatwa asubuhi Naivasha, laweza kuuzwa Uholanzi siku chache baadaye. Shamba la Oserian liliutumia hata mvuke wa Olkaria kupashia joto nyumba za maua usiku wa baridi.

Kazi ya maua ni ya mikono, na mikono ilitoka kila upande: Nyanza, Magharibi, Nchi ya Kati, Ukambani. Mwaka 1969 mji wa Naivasha ulikuwa na watu wasiozidi 10,000. Mwaka 1989 walipita 30,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 198,000 hivi. Yafaa kukumbuka kwamba mipaka ya mji husogezwa, hivi kwamba hesabu mbili si daima za eneo moja. Hata hivyo ongezeko hilo si la mipaka peke yake. Kando ya barabara ya kusini vijiji viliota kama uyoga, na Karagita ndicho kikubwa kati yao. Mpita njia ataona nyumba za mabati zimebanana, vibanda vya simu, makanisa, maduka ya unga na watoto wengi wenye sare za shule.

Nilipita Karagita saa ya watu kutoka kazini. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga, nikamwuliza kama yeye ni mwenyeji. Alicheka. Akasema kwamba alikuja kukata maua akiwa msichana, sasa amepita miaka ishirini hapo, na watoto wake wote wamezaliwa Naivasha. Lakini kwao ni Kakamega, na huko ndiko atakakozikwa. Basi nikafahamu kwamba mahali paweza kuwa na maelfu ya watu, na wengi wao wakawa wanahesabiwa hapa na kuota ndoto za kwingine. Mtu wa namna hiyo hujenga kwa mabati, hajengi kwa mawe. Wala wasiwasi wake si wa bure. Mnamo Januari 2008, baada ya uchaguzi, damu ilimwagika Naivasha, na wafanyakazi wengi wa mashamba waliambiwa warudi kwao, ijapokuwa walikuwa wamekaa miaka mingi. Walikimbilia penye polisi na magereza, vitanda vyao vikaachwa njiani.

Ziwa nalo lina hukumu yake. Mwaka 2009 kwa ajili ya ukame maji yalirudi nyuma sana, na watu wakalima na kujenga karibu zaidi. Mwaka 2020 maji yalipanda, yakaingia mtaa wa Kihoto, na tena mwaka 2025. Wenye nyumba walitoka kwa mashua. Wazee walijua kwamba ziwa hili hupanda na kushuka. Wageni waliuona ufuko mkavu, wakadhani ni ardhi tupu. Ni kosa lile lile la dirisha la gari la moshi.

VIJIJI VINNE

Turudi vilimani. Baada ya miaka ya 1904 na 1911 Wamasai hawakutoweka kabisa katika nchi ya Olkaria. Wengine walirudi kidogo kidogo na mifugo yao, wengine walikuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa, na boma zikasimama tena kati ya vilima. Kituo cha nne cha umeme kilipokusudiwa kujengwa, vijiji vinne vilikuwa mahali penye kazi hiyo: Olo Nongot, Olo Sinyat, Olo Mayana Ndogo na kijiji cha utamaduni ambacho wageni walizoea kukitembelea. Mwaka 2014 kampuni ya umeme ya KenGen, kwa fedha zilizokopwa Benki ya Dunia, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na wengineo, iliwahamishia watu hao mahali pengine, ekari 1,700 hivi. Zilijengwa nyumba za kudumu zipatazo 150, pamoja na shule na zahanati. Mahali hapo pakaitwa RAPland, jina lililotokana na herufi za Kiingereza za mpango wa kuwahamisha watu. Mababu waliita nchi yao kwa jina la udongo. Wajukuu wamepewa nchi yenye jina la faili.

Ni haki kusema mambo yote mawili. Nyumba zile ni imara kuliko nyingi za zamani, na tofauti na mwaka 1904, watu waliulizwa na kupewa mahali pa kwenda. Lakini mwaka huo huo wa 2014 baadhi yao walipeleka malalamiko kwa mabenki hayo. Walisema kwamba ardhi mpya ina makorongo na miteremko mikali, kwamba barabara ni mbaya, kwamba wako mbali na mahali walipokuwa wakipata riziki, na kwamba hati ya ardhi ilichelewa. Na wengine walisema neno moja ambalo kila karani afaa kulisikiliza: watu walipohesabiwa, miaka kadhaa kabla ya kuhama, majina yao hayakuandikwa. Wachunguzi wa Benki ya Dunia walikubali mwaka 2015 kwamba makosa yalikuwako. Ndipo wapatanishi wakaletwa, pande zote zikaketi, na mwaka 2016 zikatia sahihi mapatano ya kuyatengeneza yaliyoharibika.

Angalia tofauti hiyo. Shauri la 1913 lilitupwa bila kusikilizwa. Shauri la 2014 lilisikilizwa, ijapokuwa hapakuwa na mtu aliyepata yote aliyoyataka. Kati ya mashauri hayo mawili imepita miaka 100, na katika miaka hiyo watu walijifunza kusoma, kuandika, na kutunza karatasi.

HESABU NA MAJINA

Huko Uingereza, kijiji cha pwani cha wavuvi chaweza kutaja idadi ya watu wake tangu mwaka 1801, kwa maana tangu hapo serikali imewahesabu karibu kila miaka kumi. Vitabu vya makanisa, vyenye majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa, vilianza kuamriwa mwaka 1538. Mtu wa kijiji hicho akiulizwa asili yake, hufungua kitabu. Kwetu Kenya hesabu ya kwanza ya watu wote ilifanywa mwaka 1948. Kabla ya hapo watu wetu walikisiwa tu, kama mtu akisiavyo magunia ya mahindi yaliyo shambani. Kwa hiyo hapana hesabu ya watu wa Olkaria kabla ya sotoka, wala ya boma zilizoondoka mwaka 1904, wala ya makaburi yaliyoachwa.

Hesabu nayo ina upungufu wake. Yaeleza ni wangapi waliolala mahali usiku ule. Haielezi ni wangapi waliolala hapo zamani na sasa hawapo. Mtu asomaye kwamba Naivasha imepanda kutoka watu chini ya 10,000 hata karibu 200,000 husema, maendeleo makubwa. Ni kweli. Lakini nyuma ya kila tarakimu yuko aliyefika na aliyepisha, na aliyepisha haonekani katika jedwali.

Jioni nilisimama kilimani juu ya barabara. Chini mabomba yalikuwa yakimeta kwa jua la mwisho, na mvuke ukigeuka rangi ya waridi. Kijana mmoja wa Kimasai alipitisha ng'ombe wake chini ya bomba lililoinuliwa, bila kulitazama, kama mtu apitaye mlango wa nyumba yake. Taa za Karagita zikaanza kuwaka kando ya ziwa. Nilifikiri kwamba wale walio kule chini na huyu aliye hapa wote waitwa watu wa Naivasha katika kitabu cha serikali, na kila mmoja ana sababu ya kuogopa kwamba siku moja ataambiwa ahame.

Basi neno letu kwa wasomaji, wakulima na makarani, ni hili. Wewe uliye na wazee, waulize walikotoka, mwaka gani, na ni nani aliyekuwa mahali hapo kabla yao, kisha uandike. Wewe uliye na shamba, hakikisha hati yako ina jina lako na la mkeo, nayo imehifadhiwa mahali pakavu. Na wewe ushikaye kalamu ya kuhesabu watu, usiogope kwenda hatua moja zaidi mpaka boma la mwisho, hata kama mlango umefungwa. Mlango uliofungwa huenda wenyewe wamepeleka mifugo majanini, nao watarudi mvua ikinyesha.